Fundi, tenki langu limeoza kwa ndani

Mwezi huu barua nyingi zimeniuliza kitu kimoja, kutu ya ndani ya tenki la pikipiki za zamani. Nimechagua nne, ya kwanza nitaijibu kwa urefu maana wengi wenu mko hapo hapo.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimerithi pikipiki ya marehemu baba, imekaa stoo kama miaka tisa haijawashwa. Nimebadilisha plagi, kabureta nimeiosha mara tatu. Inawaka vizuri, natembea dakika kumi inazima. Nikifungua kabureta nakuta unga mwekundu chini ya bakuli. Jamaa yangu anasema ninunue ile dawa ya kupaka ndani ya tenki niimwage tu, kutu itafunikwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana. Hapana, usimwage kitu bado, na hiyo kabureta unaionea bure kabisa, yenyewe inaletewa uchafu kutoka juu, unaosha leo kesho imejaa tena. Ule unga mwekundu ni kutu laini inayopita hata kwenye chujio la koki, inakwenda kuziba jeti (vile vitundu vidogo vya kupitisha mafuta kwenye kabureta), au inakaa kwenye sindano ya floti, lile boya linalofunga mafuta, yanaanza kumwagika hovyo.

Petroli yenyewe haileti kutu, maji ndo yanaleta. Tenki likikaa nusu, ile nusu ya juu ni hewa, usiku bati likipoa unyevu wa kwenye hiyo hewa unashika ukutani kama jasho, unateremka mpaka chini, na kwa vile maji ni mazito kuliko petroli yanajikalia pale pale kwenye mshono wa chini karibu na koki, hayaondoki. Miaka tisa ya hivo! Ndo maana tenki nyingi zinatobokea chini wakati ukichungulia mdomoni unaona kama pazima tu. Na kama mafuta yako yamechanganywa na ethanoli, yaani pombe, ni zaidi, ile inavuta maji.

Toa tenki kwenye pikipiki, mwaga mafuta nje kwenye upepo, sio stoo, sio jikoni, mvuke wa petroli ni mzito unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na moto ambao we hata huuoni. Fungua koki, fungua geji ya mafuta kama ipo, hiyo floti ya geji usiiloweke kwenye asidi. Matundu ya chini yazibe kwa kipande cha mpira na kibati kilichobanwa na bolti.

Halafu sabuni kwanza. Watu wengi wanaruka hapa. Petroli iliyozeeka inaacha gundi ya kahawia ukutani, asidi haipiti kwenye hiyo gundi, kwa hiyo unaloweka siku tatu kutu iko vile vile unasema siki haifanyi kazi. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, tikisa, mwaga, rudia mpaka mkono hauteleziki tena ukiingiza kidole.

Kama kutu ni magamba magamba tia cheni ndogo yenye kona kali pamoja na maji kidogo, lifunge tenki kwenye blanketi, zungusha. Nasema cheni sio nati. Mi mwenyewe zamani nilitia nati ishirini, zikatoka kumi na tisa, nikatikisa jioni nzima juu chini kumbe imejibana nyuma ya ule mkunjo unaopita juu ya fremu, mke wangu akaniuliza hicho ni kayamba au kazi. Cheni ukiivuta inatoka yote.

Sasa kuloweka. Siki nyeupe inafaa, ni ya taratibu, siku moja mpaka tatu. Asidi ya sitriki ya unga ni haraka zaidi, gramu 50 mpaka 100 kwa kila lita ya maji ya moto kiasi, na uwe unachungulia kila baada ya masaa machache. Jaza mpaka juu kabisa, maana dari la tenki nalo lina kutu, ukiweka nusu uligeuze geuze. Vaa glavu na miwani, na rangi ya nje ifunike vizuri kwa plastiki, tone moja la asidi likikauka pale kwenye rangi ya baba yako utajuta. Zile asidi kali za kusafishia sakafu achana nazo, zinakula kutu ndio lakini zikimaliza zinaendelea na bati.

Sasa nisikilize vizuri. Kutoa kutu ndo kazi rahisi, shida iko kwenye ile nusu saa inayofuata. Bati lililotoka kwenye asidi liko uchi, linashika kutu mpya ya rangi ya machungwa huku unaliangalia, sio kesho, hapo hapo. Kwa hiyo kabla hujamwaga asidi uwe na kila kitu pembeni: maji ya kusuuza, maji yenye vijiko kadhaa vya baikaboneti ya kuua asidi iliyobaki, birika la maji yanayochemka, na mashine ya kukaushia nywele. Mwaga, suuza, baikaboneti, suuza tena, halafu maji yanayochemka ya mwisho, hayo yanalipasha bati moto linakauka lenyewe kwa haraka, mwaga yote na upeleke hewa ya moto ndani bila kwenda kupokea simu. Likishakauka na likapoa tia petroli kidogo iliyochanganywa na oili, zungusha kila kona. Hapo umemaliza. Weka na filta ndogo kwenye mpira wa mafuta, wiki za mwanzo itakamata mabaki, usishangae.

Ile dawa ya kupaka? Kama tenki halijatoboka mi huwa sipaki kabisa, endelea kusoma utaona kwa nini.

SWALI: Mimi nilipaka laini ya epoksi (ile dawa ya kupaka ndani ya tenki) mwaka jana, sasa inabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka na imeziba koki. Nilidanganywa dawa feki?

JIBU: Inawezekana dawa haina kosa. Epoksi inashika kwenye bati safi, kavu, lisilo na mafuta. Ukipaka juu ya kutu inashikana na kutu, sasa kutu ikibanduka inabanduka nayo, ukipaka juu ya unyevu ni hivo hivo. Na kuna wanaopaka leo kesho wanajaza mafuta wakati mkebe umeandikwa isubiri siku kadhaa. Sasa kazi yako ni mbili, kutoa laini yote kwa dawa ya kutolea rangi (vipande vikubwa vivute kwa koleo lenye mdomo mrefu) halafu ndo uanze na kutu yenyewe. Usijaribu kupaka juu ya ile ya zamani. Na ukipaka mpya, mwaga ziada yote, watu wanaacha dimbwi chini linaziba tundu la koki.

SWALI: Nilitumia njia ya umeme kutoa kutu, chaja ya betri na maji ya magadi ya kufulia. Asubuhi nikakuta nondo niliyoingiza inang'aa na tenki ndo limeliwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Umegeuza waya ndugu yangu, pole. Chanya ya chaja inakwenda kwenye nondo, hasi inakwenda kwenye tenki. Upande wa chanya ndo unaoliwa, siku zote, we umefanya tenki ndo chambo. Ukirudia, nondo isiguse tenki popote, ipitishe kwenye kipande cha mpira pale mdomoni, na uitoe kuisugua mara kwa mara maana ikijaa uchafu umeme unapungua. Nondo iwe chuma cha kawaida, sio cha pua, kile kinatoa kromu ya sumu kwenye maji. Vile vipovu unavyoona kwenye tenki ni haidrojeni, kwa hiyo fanya nje na uzime chaja kwanza ndo uchomoe waya, sio kuchomoa cheche zikiruka.

SWALI: Tenki lina vitundu viwili vidogo chini. Fundi wa kuchomea anasema nimpelekee, nimeshaliosha kwa sabuni na halinuki petroli. Nimpe?

JIBU: Usimpe kama atalichoma hivo hivo. Pua yako sio kipimo. Mvuke wa petroli ukiwa kama 1.4 mpaka 7.6 kwa mia tu ya hewa ya ndani unalipuka, na tenki tupu ndo hatari kuliko lililojaa kwa sababu lililojaa halina nafasi ya hewa. Bati likipata moto, mafuta yaliyojificha kwenye mshono yanatoka upya. Anayeijua hii kazi analijaza maji mpaka karibu na pale anapochoma, au anapitisha gesi isiyowaka ndani muda wote. Muulize anafanyaje kabla hujamwachia, akicheka ondoka na tenki lako. Kwa vitundu vya ncha ya sindano hapo ndo laini ya epoksi ina kazi yake, sugua bati kwa msasa upande wa nje mpaka ling'ae, weka epoksi ya chuma, kisha laini ndani.

Halafu wote wanne nendeni mkaangalie kifuniko. Pikipiki nyingi zina kitundu kidogo pembeni ya mdomo wa tenki chenye mrija unaoshusha maji ya mvua mpaka chini ya injini, kikizibwa na vumbi maji yanajaa pale yanasubiri mpira wa kifuniko uzeeke yaingie ndani. Pitisha waya laini, mwagia maji kidogo pale juu uone kama yanatoka chini.