Jibu: Haskell nishike kitabu kipi?

Mambo mkuu. Umesema una vitabu vitatu vya Haskell, ile lugha ya programu, na vyote unakwama palepale kwenye monadi (njia ya Haskell ya kuunganisha hatua zinazofuatana), mifano haikubali kukompaili. Kabla hujadaunlodi cha nne angalia kwanza mwaka, maana GHC (kompaila ya Haskell) toleo 7.10 la 2015 ilibadilisha mambo, kila Monad sasa lazima iwe Applicative (kundi jingine la aina, la msingi zaidi) kwanza, kwa hiyo Real World Haskell cha 2008 kitakupa mifano inayogoma na wala kosa sio lako.

Mi nashauri Programming in Haskell cha Graham Hutton, toleo la pili la 2016, usichukue la kwanza. Sio kinene, sura zina mazoezi, na uyafanye kwenye GHCi (unaandika kodi na kuona jibu papo hapo) hata yale unayoona mepesi, hapo ndo rekasheni (fankisheni kujiita yenyewe) inaingia kichwani.

Learn You a Haskell kinasomeka bure mtandaoni na kinaelezea vizuri sana, ila hakina mazoezi na ni cha 2011, kwa hiyo fungua ukitaka maelezo mengine tu. Ukifika sura ya 13 ya Hutton andika ile parsa (programu ya kuchambua maandishi) mwenyewe mstari kwa mstari, usikopi, monadi zitaanza kueleweka hapo.