Msikubali vipande vyote vya utumbo viingie fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze!!

Wee hebu ngoja kwanza. Umesema kaka yako hapo Kisumu anaingizwa kamera ya utumbo kesho kutwa, tumbo linamkata upande wa kulia chini, amekonda, na mmeambiwa GeneXpert, ile mashine inayotafuta DNA ya TB, isipoona TB basi ni Crohn, yaani ugonjwa wa uvimbe wa utumbo usio TB, aanze steroidi, dawa za kuzima uvimbe. Hiyo ya mwisho imefanya ugali wangu upoe hapa.

Kabla kamera haijaingia muulize daktari kitu kimoja tu: vipande mtakavyokata vinaingia chupa ngapi? Akisema moja, hapo hapo mshike shati.

Sisi huku Nakuru mzee wangu alikatwa vipande vyote vikatumbukizwa kwa chupa moja ya fomalini, na mimi ndio nikaibeba kwa bahasha ya kaki nikiishika kama yai hadi maabara fulani binafsi. Jamaa wa kaunta, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akafungua kifuniko, ile harufu ikatupiga sote wawili machoni, akajua kabisa ni nini, na bado akapokea pesa. Fomalini ni ya yule anayeangalia nyama kwa darubini, kwake iko sawa kabisa. Lakini inaua bakteria, kwa hivyo kuwaotesha maabara ili waonekane haiwezekani tena, na inaharibu DNA ambayo ndiyo mashine inatafuta! Kipande cha mashine na cha kuotesha kinaenda kwa chupa safi yenye maji ya chumvi, yale ya dripu, na kinakimbizwa maabara. Ripoti ikatoka, TB haijaonekana. Nikamuuliza jamaa una uhakika, akaniambia "boss, jeni haidanganyi." Kweli haidanganyi, wanaodanganya ni watu wa kaunta. Siku nikikutana na huyo stage ya matatu nyinyi mtasoma kwa gazeti.

Na hata mkiweka chupa sawasawa, TB ya matumbo bakteria wake ni wachache na wamejibanza ndani ya ukuta wa utumbo, sio kama makohozi. Mashine ikiwaona, shikilia hapo, tena itakuambia kama wanasikia rifampicin, dawa kubwa ya TB, manake inasoma jeni la bakteria liitwalo rpoB. Isipoona haijasema hawapo. Hata lile toleo kali la GeneXpert, Ultra, ambalo WHO ilipitisha 2017 bado inawakosa.

Basi mzee akawekwa steroidi. Mwanzo alichangamka ajabu, akala samaki mzima na kichwa, tukapiga picha tukatuma kwa grupu ya familia na makopa juu. Kumbe dawa inazima uvimbe tu huku inashusha kinga, TB inaachiwa shamba. Homa za jioni zikaanza, jasho la usiku linalowesha shuka mpaka godoro, tumbo likajaa maji. Daktari mwingine, mama mmoja hana maneno mengi, akasoma ripoti akauliza "kipande kilikuja ndani ya nini?" Kamera ikarudiwa. Ng'ombe akauzwa, na ndiye peke yake pale nyumbani aliyekuwa na afya nzuri. Safari hii chupa mbili, na mashine bado haikuona kitu, lakini huyo mama hakungoja, darubini ilikuwa imeonyesha granuloma, yaani vinundu vya uvimbe, zimeoza katikati, na hiyo ni dalili ya TB, akaanzisha dawa za TB, miezi miwili zile nne halafu minne ya mbili, bure hospitali ya serikali. Kuotesha kulichukua wiki kadhaa na ikaota.

Kwa hivyo chupa mbili, ndugu yangu, chupa mbili. Mpigie nesi wa hicho kitengo leo, usingoje asubuhi ile, asubuhi kaka yako atakuwa amekesha chooni na hizo dawa za kuosha tumbo na nyote mtakuwa mmechanganyikiwa. Pia apimwe HIV na apigwe picha ya kifua kama bado.

Uliuliza pia kuhusu bima ya SHA na nini tena, wengine watakujibu. Na hizo steroidi kama mlishanunua mapema, msiziguse mpaka daktari awe amehakikisha sio TB kwa ripoti zote sio hiyo moja ya mashine, na kama risiti ipo jaribu kurudisha kemisti.