Rafu ya Ukutani Hushikwa na Tofali, si na Lipu

Rafu yangu ya kwanza ilidumu wiki tatu. Ilikuwa ubao wa mninga wa urefu wa mita moja na upana wa sentimita 25, wenye vyuma vilivyofichwa ndani yake ili uonekane kana kwamba umeota ukutani, na usiku mmoja ulianguka pamoja na kamusi zangu zote. Nilipokagua matundu, niliona kwamba fisha (vibanio vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu ili vishike skrubu) zilikuwa zimeishika lipu tu, na tofali lenyewe zilikuwa zimeligusa kwa ncha.

Lipu ya ndani huwa na unene wa sentimita moja hadi mbili, na kazi yake ni kulainisha ukuta. Ukitumia fisha ya sentimita nne, huenda nusu yake ikawa haifanyi kazi yoyote. Siku hizi natumia fisha za milimita 10 zenye urefu wa sentimita nane, nazungushia biti ya zege (ncha ya drili ya kutobolea ukuta) utepe ili nijue nimefika wapi, kisha napuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, kwa sababu fisha iliyozungukwa na vumbi huzunguka pamoja na skrubu. Biti ikizama ghafla, ujue umeingia kwenye uwazi wa tofali lenye matundu. Hapo fisha ya kawaida haifai, hamisha tundu au tafuta fisha inayotanuka kwa nyuma.

Ugumu wa rafu hii ni kwamba haina kiegemezo chini. Mzigo ulio ukingoni huvuta skrubu za juu kama mtu anayeng'oa msumari, hivyo sasa upana wa ubao wangu hauzidi sentimita 20, na nondo laini za milimita 12 ambazo fundi wa kuchomelea huziunga kwenye bapa la chuma linaloshikwa ukutani kwa skrubu huingia ndani ya ubao kwa sentimita 15. Ubao uwe na unene wa sentimita nne. Mwembamba zaidi huweza kupasuka unapotobolewa.

Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, kwa kuwa mabomba ya nyaya hupita humo. (Hata hivyo, mimi huzima umeme kwenye meni, yaani swichi kuu.)

Safari ya pili, kabla ya kuvalisha ubao, nilitundika kwenye nondo ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, nikaiacha hadi asubuhi. Kiputo cha pima maji kilikuwa bado katikati, ndipo nikazirudisha kamusi.