Tambi za rangi ya chungwa kwenye protini yangu

SWALI: Habari za leo Fundi wa Data? Nasoma masters, risachi yangu ni protini ya kimelea cha malaria. Nimedaunlodi umbo lake la 3D kutoka AlphaFold (programu ya AI inayokisia umbo la protini), katikati bluu limekaa poa kabisa ila pembeni kuna manyuzi ya chungwa yamezagaa kama tambi zimemwagika. Nikaona yananiharibia picha, nikayafuta. Supavaiza kaja juu, eti nimedanganya. Nimedanganya wapi jamani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole mdogo wangu, ila kwa hili niko na supavaiza. Hizo rangi sio urembo. AlphaFold kila asidi amino (vile vipande vidogo vinavyounda protini) inaipa alama, 0 mpaka 100, inaitwa pLDDT, ndo inakwambia yenyewe hapo inajiamini kiasi gani. Bluu iliyokolea ni zaidi ya 90, bluu mpauko 70 hadi 90, njano 50 hadi 70, chungwa ni chini ya 50, yani hapo imebahatisha tu. Kwa hiyo tambi zako usizisome kama umbo, mara nyingi kipande cha hivyo hakina umbo la kudumu hata ndani ya seli, kinachezacheza. Na kama kimelea chako cha malaria ni Plasmodium falciparum, protini zake nyingi zina sehemu ndefu ambazo asparajini (mojawapo ya hizo asidi amino) inajirudia rudia, tambi lazima uzione! Ukizifuta, anayeangalia picha anajua protini imeishia pale, na umeshamficha kitu.

Ziache, ila zififishe ziwe kama moshi, halafu chini ya picha andika maana ya kila rangi. Usififishe kila kitu lakini, kwenye 3D cha nyuma kinapenya mbele, tabaka zinapandana, mwisho unapata uji.

Sasa mtego wenyewe uko PyMOL (programu ya kuchora protini kwa 3D), na mimi ulishanikamata mbele za watu. Hiyo alama kwenye faili imewekwa kwenye safu ya B-factor, na kwa maumbo yaliyopimwa maabara kwa eksirei namba kubwa pale maana yake atomu haijatulia, yani mbaya, wakati huku kubwa ndo nzuri. Ukipaka rangi kwa amri yake ya kawaida ya spectrum, ndogo inakuwa bluu kubwa nyekundu, basi sehemu ya uhakika inawaka nyekundu na zile tambi zinapendeza bluu, nami nikasimama naelezea kinyume dakika kumi nzima. Geuza rangi kwanza.

Halafu kama una vipande viwili vya bluu vimeungwa na tambi, weka na ule mchoro wa mraba wa PAE (AlphaFold inautoa, unaonyesha inakadiria imekosea kiasi gani nafasi ya kipande kimoja kwa kingine) pembeni, sababu kila kipande peke yake kinaweza kuwa cha uhakika ila vimekaaje kimoja na kingine haijulikani, na hiyo kwenye umbo huioni hata uligeuze vipi, kote ni bluu tu.