Mkanda Ukilia, Kagua Tenshena Kwanza

Fundi, nina Toyota Wish ya 2004, injini 1ZZ. Mkanda wa nje wa injini, ule unaozungusha altaneta na pampu ya maji, unalia kila asubuhi nikiwasha. Mwaka huu nimeshabadilisha mkanda mara mbili na mlio unarudi. Nipake nini? (Msomaji wa Mwanza)

Usipake kitu. Sabuni, grisi na zile dawa za kupuliza zinalainisha mpira na kushika vumbi, na mlio ukinyamaza siku mbili unaamini umepona. Mikanda miwili ndani ya mwaka mmoja inakuambia wazi kwamba ugonjwa hauko kwenye mkanda.

Washa injini, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, kisha pulizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Mikono, mtandio na mikono ya shati vikae mbali. Mlio ukizidi, mkanda unateleza kwa kukosa mkazo. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, kuna puli (gurudumu linalopitisha mkanda) ambayo haiko kwenye mstari na wenzake.

Kwenye 1ZZ ninaishuku tenshena, yaani kifaa kinachokaza mkanda, kabla ya kitu kingine. Ni ya kujikaza yenyewe na ndani yake kuna oili inayotuliza mkono wake. Sili (mpira unaozuia oili isitoke) ikichoka, oili inavuja na mkono unaanza kucheza. Ukiona mwili wa tenshena umelowa oili, au mkono unarukaruka wakati injini inazunguka, hiyo imekwisha.

Kabla ya kufungua, piga picha njia ya mkanda. Tumia soketi namba 19 yenye mpini mrefu na uulegeze mkono polepole, kwa sababu oili inahitaji muda wa kupita. Anayeivuta kwa nguvu anaiharibu. Mkanda ukishatoka, zungusha kila puli kwa mkono: altaneta, pampu ya maji, kompresa ya AC. Puli inayokwaruza au kuyumba ina beringi mbovu, na hapo ndipo mkanda mpya utakapofia.

Sasa mtego wenyewe. Bolti ndefu ya tenshena haitoki, inagota kwenye bodi. Weka jeki chini ya injini, ubao katikati, fungua mauntingi (kishikio cha injini) ya kulia, kisha inua au shusha injini sentimita chache mpaka bolti ipate nafasi. Gereji isiyojua hili huishia kupiga nyundo au kukata bolti, na wewe ndiye unayelipia. Kurudishia, bolti inakazwa Nm (nyutoni-mita) 69 na nati Nm 29, kwa spana ya kupimia mkazo.

Mkanda wangu una kilomita 140,000 lakini hauna mpasuko hata mmoja. Bado mzima? (Msomaji wa Nakuru)

Haitoshi kutazama mipasuko. Hiyo ilikuwa kanuni ya mikanda ya zamani ya neoprini. Mikanda mingi iliyotengenezwa katika miaka 20 hivi ya karibuni ni ya mpira wa EPDM, ambao haupasuki upesi. Unalika kama tairi. Mifereji inazidi kuwa mipana, mkanda unazama ndani ya puli na kuanza kuteleza ukiwa bado unapendeza machoni. Kuna kipimo kidogo cha plastiki cha kukagua kina cha mifereji. Kama huna, kwa kilomita hizo badilisha, na tenshena yake pamoja. Springi iliyokaza kilomita 140,000 haina nguvu ya kulea mkanda mpya.

Nina Toyota IST, injini 1NZ. Nimetafuta tenshena sijaiona. (Msomaji wa Morogoro)

Kwa sababu haipo. Mkanda huo unakazwa kwa altaneta: legeza bolti zake mbili, isukume nje kwa mtaimbo, kaza. Mtaimbo uegemee sehemu nene ya altaneta, kamwe usiegemee kifuniko cha nyuma, kitapasuka. Bonyeza katikati ya kipande kirefu cha mkanda kwa nguvu ya kama kilo 10. Ushuke karibu milimita 10. Washa injini dakika tano, zima, pima tena, maana mkanda mpya hulegea. Nawasihi wanaokaza mpaka mkanda unalia kama uzi wa gitaa: mnaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji.

Timing belt ya Wish 1ZZ ni shilingi ngapi?

1ZZ haina timing belt, yaani mkanda wa kuendesha valvu kwa wakati wake; kazi hiyo inafanywa na cheni. Mkanda unaouona nje si wa taimingi. Swali hili linaletwa kila mara, na kuna watu wameshauziwa mkanda ambao gari lao halina. Tafadhali jueni injini yenu kabla ya kwenda dukani.

Mkanda ukikatika njiani, naweza kusogea kilomita 20 nyumbani?

Kama mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji, na kwenye 1ZZ na 1NZ ndivyo ilivyo, hapana. Taa ya betri ikiwaka ghafla na mshale wa joto ukaanza kupanda, simama na uzime. Gasketi ya silinda hedi itaungua kwa joto kabla hujafika.

Dukani mtaa wa Gerezani hawana mkanda wa 7PK, wamenipa 6PK ya urefu uleule. Pia wana tenshena ya mtumba. Nichukue? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Vyote viwili acha. Herufi PK ni aina ya mifereji, namba ya mbele ni idadi yake, na ya nyuma ni urefu kwa milimita. 6PK itabeba mzigo wa mifereji saba. Tenshena ya mtumba imetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako. Huo ni uchovu unaununua kwa pesa.

Mkanda mpya, tenshena mpya, bado unaruka nje. (Msomaji wa Arusha)

Tazama puli ya krenki, shafti kuu ya injini. Ina vipande viwili vya chuma vilivyoshikanishwa na mpira, na mpira huo huachia kwa uzee. Injini ikiwa imezimwa, chora mstari wa rangi kutoka kitovu mpaka ukingo wa nje, endesha siku moja, kisha angalia. Mstari ukiwa umekatika na pande zake hazikutani, ukingo unateleza. Badilisha puli yote, na usikubali ichomelewe.