Mbaazi usiziache, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na swali lako nimelisoma nikalirudia. Waniuliza: maadamu daktari amekukuta na kisukari cha aina ya pili, na kipimo cha sukari cha alfajiri kinasoma 9 (milimoli kwa lita) hujatia kitu mdomoni, si bora uache kula asubuhi ukae mpaka adhuhuri? Na mahamri na mbaazi, ndiyo basi tena?

Nianze na hiyo 9, maana naona imekutia hofu. Usiku umelala, ini ndilo linaloupa mwili sukari, na kukikaribia kucha homoni za kuuamsha mwili hulihimiza litoe zaidi. Kwa mtu mzima wa afya, insulini huidhibiti papo hapo. Kwetu sisi insulini ipo, ila mwili hauiitikii sawasawa, ndipo sukari ikapanda nawe hujala. Namba hiyo basi usiitibu kwa njaa. Na ukiwa umepewa vidonge vya kuihimiza kongosho itoe insulini, kama glibenklamaidi, kuvimeza kisha usile ni hatari: sukari yaweza kushuka chini ya 4, ukatokwa na jasho, ukatetemeka, moyo ukaenda mbio. Hapo ndipo sukari huwa dawa, ulambe upesi. Metformini nayo humezwa pamoja na chakula, isije ikakuvuruga tumbo.

Sasa mahamri na mbaazi. Watu huvitaja kwa pumzi moja kama kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wanapokushauri vibaya. Hamri ni unga mweupe na sukari, kisha likazama kwenye mafuta; manne ya asubuhi yatakupandisha sukari mbio. Mbaazi ni za jamii ya kunde. Zina protini na nyuzinyuzi, na wanga wake huingia damuni polepole. Kwa hivyo geuza sahani: mbaazi ndizo ziwe chakula, hamri liwe la kuchovyea, moja, tena dogo. Siku nyingine liache kabisa, ule mbaazi na yai la kuchemsha na kachumbari.

Mimi huziloweka usiku, asubuhi nazichemsha mpaka zipasuke zenyewe. Kitunguu, manjano, pilipili mbichi mbili nzima, chumvi kidogo. Tui natia lile jepesi la mkamuo wa pili. Zito lina mafuta mengi, na sisi wenye sukari moyo na mishipa twapaswa kuvilinda zaidi ya wenzetu. Ladha haipotei, nakuhakikishia.

Chai ndiyo nitakayokugombeza. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Nawe hutia vitatu kikombe, na vikombe ni viwili. Hesabu mwenyewe. Kunywa ya rangi, yenye iliki na tangawizi, ama ya maziwa kidogo bila sukari. Wiki ya kwanza utanuna, baadaye ulimi huzoea. Juisi ya machungwa pia acha, hata ya kukamuliwa nyumbani. Kula chungwa lenyewe. Uji wa wimbi ni mzuri, lakini ule wa unga laini huipandisha sukari upesi kuliko watu wanavyodhani, kwa hivyo kikombe kimoja tu, bila sukari. Muhogo na kiazi kitamu, kipande cha kiasi, cha kuchemsha. Hizo nafaka za pakiti za dukani nyingi zimetiwa sukari. Usidanganyike na picha ya mtu mwembamba.

Wala usiamini maneno yangu matupu, miili haifanani. Pima kabla ya kula, pima tena baada ya masaa mawili tangu uanze kula. Wengi wetu huambiwa tuwe chini ya 10 wakati huo. Lako muulize daktari wako. Andika ulichokula kando ya namba. Na ukishakula usikae: tembea robo saa, hata kama ni kukiacha kituo cha karibu ukapandie matatu cha mbele. Misuli ikifanya kazi huitumia ile sukari.

Nitumie majina ya dawa ulizopewa na namba zako za wiki hii. Na Jumamosi njoo mapema na kipimo chako, tule mbaazi pamoja kisha tupime sote wawili.

Mamako