Anza na madera kumi: kuuza mtandaoni huku bado unatafuta kazi

Kuna maneno mawili yanayofanana na yamewalia vijana wengi fedha zao: biashara ya mtandao na biashara mtandaoni. Ya kwanza ndiyo ile unayoalikwa semina, unaambiwa ulipie kifurushi cha kujiunga, kisha ulete watu chini yako. Ya pili ni kuuza kitu kwa mtu anayekihitaji, ila duka lako ni simu. Ukishindwa kuzitofautisha, uliza hela inatoka kwa nani. Ikiwa inatoka kwa anayejiunga, ondoka, hata kama vyeti vyako vina mwaka wa pili kwenye bahasha.

Hapa tunazungumzia ya pili, na tutumie mfano mmoja: mtu aliye Dar es Salaam, ana shilingi 200,000 na simu yenye kamera nzuri kiasi, anataka kuuza madera, yale magauni mapana ya kike (moja ni dera, wengine husema dira).

Kwa nini madera na si viatu? Kiatu kina saizi. Mtindo mmoja, rangi moja, saizi 37 hadi 41, tayari ni jozi tano. Ukiweka rangi mbili ni kumi. Za 38 na 39 zitatoka wiki ya kwanza, za 37 na 41 zitabaki chini ya kitanda, na faida yako yote imo humo. Dira mwembamba analivaa na mnene analivaa. Halivunjiki, halina tarehe ya kuisha muda, na madera kumi yanaingia kwenye begi la mgongoni. Vipodozi vinavutia kwa faida, lakini vinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS), na krimu zenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku. Anayeanza hana uwezo wa kujua kilichomo kwenye kopo. Simu na vifaa vyake vina "haichaji" ya siku ya tatu. Waachie wenye mafundi.

Safari ya kwanza ya Kariakoo nenda bila nia ya kununua. Nenda siku ya kazi, asubuhi, Jumamosi utasukumwa tu. Pita maduka matatu au manne na uulize maswali mawili: jumla inaanzia pisi ngapi, na naruhusiwa kuchanganya rangi? Kuna wanaoanzia pisi tatu, wengine sita, wengine dazeni. Swali la rangi ndilo wageni husahau, wanarudi na dazeni nzima ya rangi moja.

Siku ya kununua, fungua kila dira. Liinue kwenye mwanga uone kama linaonyesha mwili. Vuta mshono wa kwapani kwa vidole viwili. Lowesha kitambaa cheupe, sugua pembeni mwa dira jeusi, jekundu au la bluu iliyokolea. Kitambaa kikichukua rangi, dira hilo litaharibu nguo nyingine za mteja kwenye beseni, na mteja hatakulaumu kwa siri. Pima urefu kwa futi ya fundi, tena zaidi ya dira moja, maana mzigo mmoja unaweza kupishana inchi mbili au tatu. Wanawake warefu wanauliza urefu kabla ya bei. Dai risiti, na uliza kabla ya kulipa kama lenye kasoro linabadilishwa na ndani ya siku ngapi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo biashara nyingi za simu hufia. Tuseme dira kwa jumla ni 11,000 (bei hubadilika, weka ya kwako). Mwanzaji anauza 15,000, anasema faida ni 4,000, kwa madera 30 kwa mwezi ni 120,000. Hana hiyo hela, na hajui ilikokwenda. Kila dira limebeba vitu vingine. Nauli ya Kariakoo kwenda na kurudi, 4,000 kwa madera 10, ni 400. Mfuko, 300. Bando la 15,000 kwa mwezi, ukigawa kwa madera 30, ni 500. Makato ya kutoa na kutuma hela, weka 400. Na dira moja katika kila 20 litachanika, litarudishwa au litapotea: 11,000 gawa kwa 20 ni 550. Jumla ni 13,150. Kwa bei ya 15,000 faida ni 1,850, yaani 55,500 kwa mwezi, si 120,000. Kwa 17,000 faida ni 3,850, yaani 115,500. Tofauti ya 2,000 kwenye bei imezidisha faida zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usikimbilie kuwa wa bei rahisi kuliko wote. Mwenye duka Kariakoo atakushinda tu. Namba zinabadilika, safu hizo za gharama usizifute.

Kwa mtaji wa 200,000, madera kumi ni 110,000, nauli 4,000, mifuko 3,000, bando 15,000. Umetumia 132,000. Zile 68,000 zilizobaki usizimalizie dukani siku hiyohiyo. Zinatosha madera sita ya safari ya pili, na safari ya pili ndiyo yenye akili, kwa kuwa utakuwa umeshajua rangi ipi inaulizwa.

Picha piga mchana, karibu na mlango au dirisha, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Taa ya usiku huifanya nyeupe ionekane krimu, na mteja atasema umemtapeli. Futa kioo cha kamera kwanza. Jambo dogo, lakini mafuta ya kidole huitia picha ukungu. Piga dira zima, shingo kwa karibu, kitambaa kikiwa juu ya kiganja, na video fupi likipepea, kwa sababu uzito wa kitambaa hauonekani kwenye picha. Usichukue picha ya mwanamitindo kutoka intaneti. Mteja atapokea tofauti, na picha yake pamoja na yako zitazunguka magrupu yote.

Andika bei. "Bei njoo inbox" inachosha, na wengi hawaji. Maelezo yanayotosha ni kama haya: "Dira la pamba, urefu inchi 57, rangi nne, 17,000. Nipo Temeke. Dar unalipia boda kwanza, mkoani unalipa kabla sijatuma." Maswali sita yameshajibiwa hapo.

Tumia WhatsApp Business. Ni ya bure, ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayeulizia. Ila ujue inavyofanya kazi. Orodha ya matangazo (broadcast) inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Status nayo inaonekana pale mlipohifadhiana namba pande zote mbili. Ndiyo maana mtu ana majina 800 kwenye simu na status yake inaangaliwa na 40. Kila unapomaliza kuuza, mwombe mteja ahifadhi namba yako kwa jina la biashara, na wewe uhifadhi yake. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko kununua wafuasi wa bandia. Pia washa uthibitishaji wa hatua mbili, na msimbo wa tarakimu sita unaokuja kwa meseji usimpe yeyote, hata anayesema ni mteja aliyekosea namba. Ukiutoa, akaunti inahama, na jioni wateja wako wanaombwa mkopo kwa jina lako.

Malipo: fungua laini ya biashara kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha shemeji, na ukiweza chukua lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara. Mwambie mteja jina atakaloliona kabla ya kuthibitisha. Jina geni humfanya asite. Ukipokea kwenye namba ya kawaida, kumbuka kukubaliana nani anabeba ya kutolea. Meseji ya "umepokea" haitoshi, kwani zipo za kutengeneza, nazo hutumwa kutoka namba ya kawaida. Fungua menyu, angalia salio, ndipo dira litoke. Mzigo mkubwa wa mtu usiyemjua usiukabidhi dakika ileile. Wapo wanaolipa kisha wanaomba muamala urudishwe.

Kupeleka ndiko kunakochosha. "Nitalipa ikifika" ina ubaya mmoja: boda amefika Bunju, mteja hapokei simu, na wewe unalipa nauli mara mbili. Nauli ya boda ilipwe kabla hajawasha pikipiki. Hela ya dira inaweza kusubiri mlangoni. Halafu kusanya oda kwa barabara: siku moja upande wa Ubungo, Kimara na Mbezi, nyingine Mwenge, Tegeta na Bunju, nyingine Mbagala na Kongowe. Boda mmoja mwaminifu mwenye oda tano njia moja atakupunguzia bei. Anayetaka leo hii, alipie ya leo hii.

Wa mikoani tuma kwa basi. Funga kwa nailoni kwanza, kisha mfuko mgumu, kisha utepe wa gundi. Masika mvua huingia hata kwenye buti la basi. Andika kwa kalamu ya wino mzito jina, simu na kituo cha mpokeaji, pamoja na simu yako, pande mbili, na karatasi nyingine yenye maelezo hayohayo iwe ndani. Mizigo mingi inayosemwa imepotea iko ofisi ya basi imefutika maandishi. Piga picha mzigo na risiti, mtumie mteja kabla hujaondoka kituoni.

Ndugu na marafiki ndio watakaokuwa wateja wa kwanza, na ndio watakaotaka kukopa. Sema wazi kwamba unauza taslimu mpaka mtaji utimie. Uongo wa "mzigo si wangu" unadumu wiki moja. Madera matatu ya mkopo katika kumi ni 33,000 ya mtaji iliyolala nyumbani kwa watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nawe andika hata dira ulilolivaa mwenyewe.

Kwa asiye na ajira, mtaji hula chakula. Jipangie: miezi miwili ya kwanza usichukue zaidi ya 500 kwa kila dira lililouzwa, na kibarua chochote ulichonacho usikiache. Maombi ya kazi endelea kuyatuma asubuhi. Wateja wengi huandika mchana wa mapumziko na saa mbili hadi saa nne usiku, kwa hiyo viwili hivyo havigombani. Ukitaka kusajiliwa, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, Mamlaka ya Mapato, haina ada, kwa hiyo usimlipe mtu wa kukuchukulia.

Dira ambalo siku 21 halijaulizwa, lipige picha upya kwa mwanga mwingine, uliweke tena. Likikaa wiki nyingine, uza 13,150, chukua hela yako, na safari ijayo rangi hiyo iruke.